Safari Ikikwama, Nani Hulipa? Treni, Gari la Kukodi na Njia za Mongbwalu

Anayepanga kutembelea pwani ya Italia hukutana mapema na swali moja: apande treni au akodi gari? Jibu hutegemea kipande cha pwani. Liguria, upande wa kaskazini, reli ya Genova hadi La Spezia iliyokamilika mwaka 1874 hupita ukingoni mwa bahari, ikitoboa milima kwa mahandaki, na vijiji vitano vya Cinque Terre huachana kwa dakika chache tu za treni. Mwenye gari huko hupata taabu ya mahali pa kuliweka. Kusini, pwani ya Amalfi haina reli. Treni humshusha msafiri Salerno, na kutoka hapo ni basi, boti, au barabara namba 163, nyembamba kiasi kwamba tangu mwaka 2022 magari hugawiwa siku za kupita msimu wa watalii kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya plaki: shufwa siku moja, witiri siku nyingine.

Kwa mtu wa Mongbwalu swali hilo linaweza kuonekana la watu wengine kabisa. Mji wetu wa dhahabu uko katika teritware ya Djugu, kilomita kama 80 kutoka Bunia, na hakuna reli ya abiria katika jimbo lote la Ituri. Hata hivyo watu wa hapa husafiri sana. Mchimbaji anakwenda Bunia kununua pampu, mama mfanyabiashara anafuata vitenge Kampala, mwenye duka la vipuri anafika Nairobi na Mombasa. Kila mmoja wao huchagua kati ya chombo cha pamoja chenye njia na nauli yake, na chombo anachokikodi mwenyewe. Nimelifuatilia jambo hili kwa muda, na naona kasi, starehe na bei ya tiketi havitoshi kumwongoza mtu. Swali la kuanzia ni hili: safari ikiharibika katikati, hasara inamwangukia nani?

Italia inaonyesha vizuri jinsi hasara hiyo inavyogawanywa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, treni ikichelewa kati ya saa moja na saa mbili, abiria anaweza kudai robo ya nauli yake; ikichelewa saa mbili au zaidi, nusu. Zipo hali ambazo kampuni husamehewa, lakini msingi ni kwamba anayeendesha treni hubeba mzigo wa kuchelewa. Gari la kukodi huenda kinyume. Ukilikwaruza, kampuni hukata sehemu ya dhamana yako. Ukiingia bila kibali katikati ya mji wa kale ambako magari yamewekewa mipaka, kamera hunasa plaki na faini hukufuata mpaka nyumbani. Ukikwama kwenye foleni, saa ulizopoteza ni zako. Anayekodi gari hununua uhuru wa kusimama apendapo, na pamoja na uhuru huo hununua matatizo yote ya barabara.

Turudi kwenye barabara yetu. Kutoka Bunia unashika njia ya Mahagi, unafika Iga Barrière, unaelekea Nizi, kisha unaingia milima ya Djugu hadi Mongbwalu. Kwenye ramani ni mwendo mfupi. Kiangazi, udongo ukiwa umekauka, gari zima lenye dereva anayeijua njia hufika siku hiyo hiyo na muda ukabaki. Mvua ikinyesha hali hubadilika kabisa. Udongo mwekundu unakuwa utelezi, magari makubwa ya Fuso yanachimba mifereji yenye kina cha goti, na gari moja likizama katikati ya potopoto yote yaliyo nyuma yanangoja. Hapo ndipo vijana wa karibu wanapotokea na majembe, mbao na kamba. Wanatupa mawe ndani ya shimo, wanalaza mbao mbili zilingane na upana wa matairi, halafu wanasimama mbele ya gari na kutaja bei. Dereva wa gari la kukodi humgeukia aliyelikodi. Dereva wa teksi ya pamoja huwageukia abiria wote. Mwenye moto, yaani pikipiki, hushuka, akapita pembeni akiisukuma, na mara nyingi hapo halipi kitu.

Kwa sababu hiyo moto imetawala njia hii. Inabeba abiria wawili nyuma ya dereva, begi limelazwa juu ya tangi la mafuta, na mfuko mwingine umefungwa nyuma kwa mpira. Inapita pale gari lisipopita na haingoji ijae watu sita. Lakini hasara yake huangukia miili ya watu. Ikianguka, mwenye mguu uliovunjika ni abiria, na bima ya kumlipa ni nadra kuiona. Dereva naye mara nyingi si mwenye moto. Ana pesa ya tajiri ya kupeleka, na siku ambayo mnyororo umekatika au njia imefungwa, tajiri hungoja pesa yake kama kawaida. Watu wakiwalaumu madereva wa moto kwa mbio, wakumbuke kwamba nyuma ya mbio hizo kuna mtu mnyonge aliyebebeshwa hasara ambayo si yake peke yake.

Teksi ya pamoja, iwe gari dogo au jipu lililojazwa, ndiyo iliyo karibu na treni kwa sura: nauli inajulikana, njia inajulikana, unakaa na watu usiowajua. Saa ya kuondoka tu ndiyo isiyojulikana. Gari huondoka likijaa. Aliyefika parkingi ya Bunia saa kumi na mbili asubuhi akawa wa kwanza, anaweza kukaa hadi saa tano akingoja wa mwisho, na nauli yao ni sawa. Ukiwa na mgonjwa au mzigo wa samaki, saa hizo tano ni pesa.

Gari la kukodi kwetu si lile la uwanja wa ndege wa Roma, ambalo unapewa ufunguo na kwenda zako. Huku gari huja na dereva, na nadhani utaratibu huo ni wa busara, kwa kuwa elimu ya njia iko kichwani mwa dereva kuliko kwenye ramani yoyote. Bei hutajwa kwa siku. Mafuta juu ya mteja. Chakula na malazi ya dereva juu ya mteja. Siku ya kusimama, hata gari lisipogusa barabara, huhesabiwa. Panapozuka ugomvi karibu kila safari ni pale ambapo hapakusemwa neno: tairi likipasuka, nani ananunua jingine? Gari likilala njiani kwa ubovu wake lenyewe, je, siku hiyo nayo inahesabiwa? Wengi hupatana bei kwa mdomo, wakapeana mikono, na hayo mengine wakayaacha kwa Mungu. Kwa maoni yangu karatasi moja yenye mistari mitano, iliyosainiwa kabla ya kujaza tangi, ina thamani kuliko punguzo lolote la bei: plaki, siku, bei, nani analipa matengenezo, nani analipa vizuizi.

Vizuizi vina hesabu yake. Uchunguzi wa taasisi ya Ubelgiji ya IPIS uliotolewa mwaka 2017 ulihesabu vizuizi 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Ituri haikuwa ndani ya hesabu hiyo, ila msafiri wa Djugu anaijua hali yenyewe: barieri ya peaje (ushuru wa barabara), ya polisi wa rulaji, ya wanajeshi, na kwa nyakati mbaya ile ya vijana wenye silaha ambao hawana karatasi ya mtu yeyote. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya kuzingirwa (état de siège), na zipo nyakati ambapo magari ya njia ya Bunia hadi Mahagi yamelazimika kwenda kwa misafara inayosindikizwa na wanajeshi. Katika hali hiyo gari la kukodi lina udhaifu ambao wageni hawaufikirii. Jipu safi lenye mtu mmoja nyuma humwambia kila anayesimamisha magari kwamba ndani kuna pesa. Teksi iliyojaa, yenye kuku chini ya kiti na akina mama watatu, hupita kwa gharama ndogo zaidi kwa kila kichwa, maana kinachodaiwa hugawanywa na wapo wa kubishana kwa pamoja. Njia ikiwa na habari mbaya, asubuhi hiyo usichague chombo. Usisafiri. Uliza waliotoka upande wa pili jana, kwani habari ya wiki iliyopita imekwisha zeeka.

Reli iliwahi kuikaribia Ituri kutoka pande mbili, nayo inasaidia kuelewa tulichokosa. Dhahabu iligunduliwa mwaka 1903 kwenye mto Agola, karibu na Kilo, na mashine nzito za migodi zilihitaji njia ya kuingilia. Magharibi, kampuni ya Vicicongo iliyoanzishwa mwaka 1924 ilijenga reli nyembamba, ya upana wa milimita 600 tu, kutoka Aketi kupitia Buta na Isiro, mji uliokuwa ukiitwa Paulis, ikafika Mungbere mwaka 1937 na kuishia hapo. Kutoka Mungbere kuja kwetu ilikuwa kazi ya malori. Mashariki njia ilikuwa ndefu na ya ajabu zaidi. Treni ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo meli ya ziwa ilimvusha mtu hadi Jinja, na mwaka 1912 ikafunguliwa reli fupi kutoka Jinja hadi Namasagali. Hapo mtu alipanda meli ya ziwa Kyoga hadi Masindi Port, akachukua gari kupitia Masindi kuteremka Butiaba, akapanda meli nyingine kuvuka ziwa Albert hadi upande wa Congo, Kasenyi au Mahagi.

Safari hiyo ilibadilisha vyombo mara nne au tano, lakini mwenye treni, mwenye meli na mwenye gari la Masindi alikuwa mmoja: shirika la reli na bandari. Treni ikichelewa Namasagali, lililokuwa linaharibika ni ratiba ya shirika lenyewe, na meli ilikuwa na sababu ya kungoja. Sisi leo tunabadilisha moto, teksi, basi na basi jingine kufika Kampala, kila chombo na mwenyewe, na kila mmoja husema kuchelewa kwa mwenzake hakumhusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa Albert yalipanda yakaifunika bandari ya Butiaba, na huduma ile ikafa. Reli ya Uganda ilifika Pakwach mwaka 1964, si mbali na mpaka wetu, lakini treni za abiria ziliacha kufika huko zamani, na kwa kizazi changu Pakwach ni daraja la kuvukia Naili kwa basi.

Nisieleweke kwamba ninausifu wakati wa ukoloni. Njia za migodi ya Kilo zilichongwa kwa kazi ya lazima, na kabla ya lori kufika mizigo ilitembea juu ya vichwa vya babu zetu. Hasara ya safari zile ilikuwepo na ilikuwa kubwa. Walioandikiwa kuibeba ni watu ambao hawakuwa na tiketi yoyote.

Sasa tufuate safari ya mwenye duka la vipuri mpaka baharini. Kutoka Bunia anashika njia ya Mahagi, anavuka Goli, anapita Nebbi, Pakwach na Karuma kwenda Kampala. Wapo wanaokata kwa boti kutoka Kasenyi au Tchomia kuvuka ziwa. Ni njia ya mkato na ziwa hilo limezamisha watu wengi, hasa boti ikijazwa kupita kiasi na upepo wa jioni ukiinuka. Je, akodi gari tangu Bunia? Kwa watu wanne au watano wenye haraka, hadi mpakani, inaweza kufaa. Kupita mpaka, sidhani. Congo tunaendesha upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania upande wa kushoto. Gari linahitaji karatasi za forodha na bima ya nje ya nchi, kadi ya njano ya COMESA, na dereva wa Bunia anayeyajua mashimo yote ya Djugu anaingia foleni ya Kampala akiwa mgeni kama abiria wake. Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini gari la kukodi bado halijawa mwananchi wa Jumuiya. Wakodishaji wa Kampala nao kwa kawaida hawapendi gari lao livuke kuja kwetu, na kwa hali ya barabara zetu nawaelewa.

Treni yenyewe anakutana nayo Nairobi. Madaraka Express ilianza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kwa safari nzima ni shilingi 1,500 za Kenya, daraja la kwanza 4,500. Mwendo ni kama saa tano hadi sita, na basi huchukua zaidi, likipigana na malori barabara nzima. Mgeni ajiandae kwa mambo mawili. Stesheni ziko nje ya miji, Syokimau upande wa Nairobi na Miritini upande wa Mombasa, na teksi ya kufika huko inaweza kula sehemu nzuri ya alichookoa. Ukaguzi nao ni mkali: mabegi hupangwa chini kwa mstari, wenyewe wanasimama kando, mbwa wa polisi anapitishwa akinusa, kisha ndipo mtu aende kwenye mashine. Anayefika dakika kumi kabla, amechelewa. Na siku za Krismasi na kufunga shule tiketi huisha mapema. Ukiwa na haraka ya kontena bandarini, nunua kabla hujatoka Kampala.

Tanzania imekwenda mbele zaidi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, kwa nauli ya kawaida ya shilingi 13,000 na 31,000 za Tanzania. Dodoma kwa basi ilikuwa shughuli ya siku nzima. Kwa treni ni chini ya saa nne. Kwa mfanyabiashara wa Ituri anayepitia Dar, jambo kubwa hapo ni kwamba anaweza kumpigia mteja simu na kumtajia saa ya kufika. Sijui zawadi gani nyingine ya usafiri inayolingana na hiyo.

Ukishafika pwani, swali la Italia linarudi karibu kwa sura ile ile. Reli inakuacha Mombasa. Kilifi, Watamu na Malindi ziko kaskazini kwa barabara peke yake, kama Amalfi baada ya Salerno, na Diani iko kusini, kwa kivuko cha Likoni au kwa barabara ya Dongo Kundu. Hapo matatu humfaa mtu mmoja mwenye begi. Familia ya watu watano inayotaka kuona magofu ya Gedi asubuhi na kulala Malindi ina haki ya kukodi gari, na nashauri ilikodi pamoja na dereva wa hapo, kwa sababu ile ile niliyoitaja ya Djugu. Kwa njia ndefu zilizonyooka, Nairobi hadi Mombasa au Dar hadi Dodoma, sioni kwa nini mtu akodi gari, isipokuwa ana mzigo ambao treni haiupokei.

Watu huniambia tungoje reli. Oktoba 2024 Uganda ilisaini mkataba na kampuni ya Uturuki, Yapı Merkezi, kujenga kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, na katika mipango ya baadaye limo tawi la kaskazini. Ikifika siku moja hadi mpaka wetu nitafurahi kama wengine. Lakini reli hiyo haitapanda mlima wa Djugu, na kilomita zile 80 zitabaki za moto, teksi na jipu. Kinachowezekana sasa ni kuchukua kutoka kwa treni kile ambacho hakihitaji chuma: kugawana hasara kwa maandishi.

Wenye teksi wa parkingi ya Bunia wana vyama vyao, na vyama hivyo vinaweza kutoa risiti yenye plaki, nauli na saa ya mwisho ya kuondoka. Saa hiyo ikipita kabla gari halijajaa, abiria arudishiwe pesa yake yote na awe huru kutafuta moto. Gari likifa njiani, nauli ya kipande kilichobaki imhamie dereva atakayemchukua. Madereva watasema, na watakuwa na haki, kwamba hawawezi kubeba peke yao hasara ya barabara ambayo hawakuiharibu. Wao hulipa peaje kila wanapopita, na mfuko wa FONER uliundwa mwaka 2008 kwa ajili ya kutengeneza barabara. Basi nao ubebe fungu lake. Siku ambayo magari yamelala kwenye potopoto na njia imeziba, barieri ya peaje ya njia hiyo inyanyuliwe, isitoze mtu, mpaka shimo lizibwe na gari la kwanza lipite.